Kuonja mvinyo mweupe wa bei nafuu wa Cono Sur kutoka Chile: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaalika ndugu na majirani kwangu, Dar es Salaam, jioni ya Jumamosi, tunafungua chupa tano za mvinyo mweupe na kuzionja taratibu moja baada ya nyingine. Mara nyingi chupa hizo ni za Bicicleta, kundi la bei ya chini la kampuni ya Cono Sur ya Chile. Maswali huwa mengi, na mengi ni yale yale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayoyatoa, ili anayetaka kufanya hivyo nyumbani kwake apate pa kuanzia. Ni maandishi ya watu wazima ambao tayari wanakunywa, asiyekunywa simshawishi.

Cono Sur ni nani?

Ni kampuni ya mvinyo iliyoanzishwa mwaka 1993. Makao yake ni Chimbarongo, katika bonde la Colchagua, kusini mwa Santiago. Inamilikiwa na Concha y Toro, kampuni kubwa kuliko zote za mvinyo nchini Chile, ambayo yenyewe ilianza 1883. Jina ni la Kihispania, na linataja ile ncha ya kusini ya bara inayochongoka kama pia, yaani Chile, Ajentina na Uruguai. Walipoanza walijinadi kwamba hawana ukoo mrefu wa kutambia wala chupa zilizojaa vumbi, wana mvinyo mzuri tu. Katika biashara ambayo wengi hutanguliza jina la babu wa babu, kauli hiyo ilitaka moyo, na naipenda mpaka leo.

Baiskeli kwenye lebo inahusu nini?

Ni heshima kwa wafanyakazi wa shamba, ambao hupita kati ya mistari ya mizabibu kwa baiskeli. Baiskeli hiyo hiyo iliwafikisha kwenye Tour de France kama wadhamini kuanzia 2014. Wakulima wa zabibu wa Aude, kusini mwa Ufaransa, hawakufurahi, na mwaka 2016 walitishia kuvuruga mbio: iweje mashindano ya kwao yatangaze mvinyo wa Chile? Uchungu wao nauelewa. Mkulima akiona mlango wa nyumba yake unapambwa kwa mazao ya mwenzake, lazima aseme.

Ni kweli kwamba wana bata shambani?

Ni kweli, na hiki ndicho kisa ninachopenda kukisimulia wakati watu wanasubiri glasi ya kwanza. Chile kuna fukusi mmoja wa mizabibu ambaye wenyewe humwita burrito, maana yake kapunda. Majira ya kuchipua yakifika hutoka ardhini, hupanda shina na kula machipukizi mapya, huku mabuu yake yakiguguna mizizi chini. Mkulima mwingine angepiga dawa. Cono Sur huwafungulia mabata bukini. Asubuhi ndege hao hutoka bandani kwa makelele yao, huingia kati ya mistari na kuanza kudonoa. Udhaifu wa fukusi huyu ni kwamba hawezi kuruka. Hana njia ya kufika juu isipokuwa kutambaa kwenye shina, na hapo ndipo mdomo wa bata unapomkuta. Samadi nayo inabaki shambani. Pembeni ya mizabibu hupandwa maua ya kuvutia wadudu wanaokula wadudu waharibifu.

Aliyewahi kuona bibi yake akiachia kuku kwenye bustani ya mchicha hahitaji kuelezwa zaidi.

Mbona bei iko chini? Si ina maana mvinyo wenyewe hafifu?

Hili huulizwa kila mara, na mwenye kuuliza ana haki, kwa sababu vipo vinywaji vya bei ya chini ambavyo kweli ni hafifu. Huko Marekani chupa ya Bicicleta huuzwa dola 10 hadi 13 hivi. Kwetu ushuru na usafiri hupandisha, lakini bado utaikuta upande wa chini wa rafu. Sababu za unafuu huo nyingi ziko shambani.

Kiangazi cha Chile ya kati ni kikavu. Mvua hunyesha zaidi majira ya baridi, mizabibu ikiwa imelala, kwa hiyo ukungu wa majani ni mchache na dawa hupungua. Maji ya kumwagilia hutoka kwenye theluji ya milima ya Andes. Halafu kuna filoksera, kile kidudu cha mizizi kilichoangamiza mashamba ya Ulaya karne ya 19. Mpaka leo hakijaota mizizi Chile. Jangwa la Atacama liko kaskazini, Andes mashariki, Bahari ya Pasifiki magharibi, na nchi imekuwa kama ua lililozungushiwa ukuta. Wenzao wa Ulaya hulazimika kubebesha karibu kila mzabibu juu ya mzizi wa aina nyingine. Chile mzabibu unaweza kusimama juu ya mizizi yake wenyewe.

Kiwandani nako kuna kubana matumizi. Pipa jipya la mwaloni wa Kifaransa hubeba lita 225, sawa na chupa 300, na bei yake ni kubwa. Mvinyo mweupe wa kawaida haupiti huko. Unachachushwa kwenye matangi ya chuma cha pua, baridi ikidhibitiwa ili harufu ya tunda isipotee, na kabla ya mwaka kwisha umeshatiwa kwenye chupa. Hela haikai imelala.

Kinachopungua nacho nikitaje. Mvinyo wa bei hii hukaa mdomoni muda mfupi. Unameza, unasikia limau, unahesabu moja, mbili, tatu, umekwisha. Ule ghali husimama, hugeuka, huleta jambo la pili. Lakini moja, mbili, tatu zile zikiwa safi, mimi sina malalamiko.

Kwa nini tuanze na kampuni hii na si mvinyo wa Dodoma au Afrika Kusini?

Kunywa wa Dodoma pia, na kwa moyo mkunjufu. Zabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Mchile hawezi hata kuliota, na Chenin Blanc ya kule ina mengi ya kusema. Sababu yangu ya kuchagua Cono Sur kwa ajili ya kujifunza ni moja: chini ya lebo ile ile ya baiskeli wanatengeneza aina nyingi za zabibu nyeupe, kwa mkono mmoja na kwa bei moja. Ukipanga chupa tano mezani, hakuna ya bei kubwa ya kukutisha wala ya bei ndogo ya kudharau. Tofauti unayoisikia ni ya zabibu na ya udongo wake. Sijapata shule ya bei nafuu kuliko hiyo.

Chupa zenyewe tano ni zipi, na nitarajie nini?

Riesling, Sauvignon Blanc, Chardonnay, Viognier na Gewürztraminer. Si kila duka litakuwa nazo zote; ukipata tatu zinatosha kwa jioni moja.

Riesling ni zabibu ya Kijerumani inayopenda baridi. Cono Sur huilima Bío Bío, kilomita kama 500 kusini mwa Santiago, ambako mvua ni nyingi na zabibu huiva polepole. Rangi ni ya maji ya madafu yenye mng'ao wa kijani. Ukinusa utapata ndimu, maganda ya limau, tufaha bichi. Ukiweka mdomoni mate yanajaa kama mtu aliyeonyeshwa embe bichi lenye chumvi na pilipili. Ikikaa muda kwenye chupa huweza kutoa harufu ambayo kila mtu aliyekulia kwenye taa ya chemli ataitambua bila kufundishwa: mafuta ya taa. Usishtuke. Si ubovu. Ni harufu ya asili ya Riesling, na wapenzi wake huitafuta.

Sauvignon Blanc ndiyo inayotambulika upesi kuliko zote. Harufu yake ni majani yaliyofyekwa asubuhi, pilipili hoho mbichi na pasheni. Ile hoho hutokana na kemikali zilizomo pia kwenye pilipili hoho yenyewe, na hubaki nyingi zabibu inapoivia penye baridi. Chile ina historia na aina hii. Kwa miaka mingi mizabibu mingi waliyodhani ni Sauvignon Blanc ilikuwa Sauvignonasse, inayofanana nayo kwa majani lakini ambayo harufu yake hufifia haraka. Ilibidi wapande upya. Mwaka 1982 Pablo Morandé, aliyekuwa akifanya kazi Concha y Toro, alipanda zabibu nyeupe Casablanca, kati ya Santiago na Valparaíso, mahali ambapo wengi waliona pana baridi mno. Bahari yetu ni ya vuguvugu. Ile ya Chile hupozwa na mkondo wa Humboldt, na ukungu wake huingia bondeni asubuhi na kufunika mashamba mpaka jua lipande. Baridi hiyo hiyo iliyowatisha watu ndiyo iliyoipa Chile jina kwa mvinyo mweupe.

Chardonnay yenyewe ni mpole. Haina harufu kali ya kuzaliwa nayo, kwa hiyo hupokea alichokifanya mtengenezaji. Katika kundi la Bicicleta utapata nanasi, tufaha jekundu, pengine ndizi mbivu. Ukisikia kitu kama siagi, ni kwa sababu asidi kali ya zabibu, ile iliyomo kwenye tufaha bichi, imegeuzwa na bakteria kuwa asidi laini ya mtindi. Wageni wangu wasiopenda uchachu huikimbilia hii.

Viognier ina asili ya bonde la Rhône, Ufaransa. Inapenda joto. Harufu ni pichi, embe dodo lililoiva vizuri, na asumini ya jioni. Mdomoni ni nzito kuliko zingine, karibu kama ina mafuta, na uchachu wake ni mdogo. Ikipata joto huchosha haraka, kwa hiyo usiiache mezani.

Gewürztraminer naiweka mwisho kwa makusudi. Jina linawashinda wengi. Kwetu imeshaitwa "ile ya mwisho" na inatosha. Siku ya kwanza kuifungua, shangazi yangu alisogeza glasi puani, akanyamaza, kisha akasema neno moja: "Harusi." Alikuwa sahihi kabisa. Ni harufu ya marashi ya mawaridi yanayotoka kwenye mrashi, na ndani yake tangawizi kidogo na tunda la lichi. Kemikali inayoleta waridi na lichi humo ni moja, ndiyo maana viwili hivyo huja pamoja. Watu hudhani imetiwa manukato. Haijatiwa kitu, ni zabibu tu.

"Mkavu" maana yake nini? Mvinyo ni maji, utakuwaje mkavu?

Mvinyo mkavu ni ule ambao sukari ya zabibu karibu yote imeliwa na hamira ikawa kileo. Karibu yote haya matano ni makavu, au yana utamu mdogo sana. Riesling na Gewürztraminer ndizo zinazoweza kubakiza kidogo. Hapa pua hudanganya. Gewürztraminer inanukia kama halua na mtu anatarajia sukari, kisha ulimi unakuta haipo. Ukitaka kujua ukweli, ziba pua, weka funda mdomoni na usikilize ulimi peke yake.

Nianze na ipi?

Fuata mpangilio nilioutaja: Riesling, Sauvignon Blanc, Chardonnay, Viognier, Gewürztraminer. Nyepesi na chachu kwanza, nzito na zenye marashi baadaye. Ukianza na ya mwisho, pua itabaki harusini usiku kucha na Riesling itakuwa kama maji.

Kwa watu wanane, chupa moja ya kila aina inatosha na kubaki. Mimina mililita 50 kwa kila mtu, kama kikombe kidogo cha kahawa chungu. Kwa duru tano kila mmoja atakuwa amepata mililita 250, theluthi ya chupa, na zitakazobaki ni za chakula.

Uwe baridi kiasi gani?

Riesling na Sauvignon Blanc nyuzi 8 hadi 10, Chardonnay na Viognier 10 hadi 12. Gewürztraminer iko katikati. Friji ya nyumbani huwa nyuzi 4 au 5, baridi inayoua harufu. Vitabu vya Ulaya husema toa chupa nusu saa kabla. Dar mwezi wa pili, nusu saa ni kuichemsha. Dakika 10 zinatosha.

Kama umechelewa, chukua ndoo, weka barafu, maji na konzi ya chumvi, zamisha chupa mpaka shingoni. Dakika 15 hadi 20 iko tayari. Barafu peke yake bila maji haishiki chupa vizuri. Na tafadhali, wakati wa kuonja usitie barafu ndani ya glasi. Siku nyingine ni hiari yako, joto la kwetu nalijua, lakini barafu ikiyeyuka humo hutajua tena ulichokuwa unaonja.

Glasi lazima ziwe za mvinyo?

Glasi yoyote safi, nyembamba mdomoni kuliko tumboni. Isinuke sabuni wala taulo la jikoni.

Nikishamimina, nafanya nini hasa?

Tuchukue Sauvignon Blanc. Shika glasi kwenye mguu wake, kiganja kisiguse tumbo la glasi kwa sababu kitaupasha. Ilaze juu ya karatasi nyeupe uone rangi: nyasi iliyofifia, ukingo kama maji. Inuse kabla hujaitikisa, mara moja, fupi. Sasa izungushe mezani mara tatu, mvinyo upande kwenye kuta, kisha inuse tena. Mara ya pili ndipo pasheni inapojitokeza. Mara ya kwanza ilikuwa majani tu.

Chukua funda dogo. Usimeze. Vuta hewa kidogo kupitia midomo, kama mtu anayepoza uji wa moto, sauti itoke bila aibu. Hewa ile hupandisha harufu nyuma ya koo mpaka puani, na sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu. Sikiliza mate chini ya ulimi: yakijaa haraka, uchachu ni mwingi. Meza au tema, kisha hesabu ni muda gani umebaki na kitu mdomoni. Andika neno moja au mawili. Neno lako, la jikoni kwako.

Kutema mbele ya watu si utovu wa adabu?

Kwenye chakula cha wakwe, ndiyo. Kwenye kuonja, hapana. Ndiyo kazi yenyewe. Chupa hizi zina kileo cha asilimia 12 hadi 14, na duru tatu za mwanzo zinatosha kukulegeza kabla hujafika Viognier. Mimi huweka kikombe cha plastiki chenye rangi, kisichoonyesha ndani, mbele ya kila mgeni, na mimi mwenyewe hutangulia kutema ili wengine wasione haya. Anayeendesha gari atatema zote, au arudi kwa bodaboda.

Wengine wanataja matunda kumi, mimi nasikia pombe tu. Pua yangu mbovu?

Pua yako haina tatizo, inakosa majina tu. Watu wengi wamejifunza mvinyo kwa maneno ya Ulaya: gooseberry, elderflower, matunda na maua ambayo hawajawahi kuyashika. Ukilazimishwa kutafuta tunda usilolijua hutalipata. Panga sahani mezani: kipande cha ndimu, pilipili hoho mbichi iliyokatwa, pasheni iliyopasuliwa, nanasi, embe, tangawizi, asumini ukiipata. Nusa sahani, kisha glasi, kisha sahani. Nimeona watu walionyamaza saa nzima wakianza kubishana kama ni embe dodo au embe bolibo.

Valle Central, Reserva, Casablanca: haya maneno kwenye lebo yana maana gani?

Valle Central ni eneo pana sana, linalokusanya mabonde ya Maipo, Rapel, Curicó na Maule. Ukiliona, zabibu zinaweza kuwa zimetoka popote humo, na kampuni ina uhuru wa kuchanganya mashamba ili ladha isibadilike mwaka hadi mwaka. Jina la bonde moja, kama Casablanca au Bío Bío, linakwambia mahali mahususi zaidi. Siku hizi lebo za Chile zinaweza pia kuandikwa Costa, upande wa bahari. Entre Cordilleras, katikati. Au Andes, chini ya milima. Kwa mvinyo mweupe mimi hutafuta neno Costa.

Reserva lisikupumbaze. Ni neno linalotumiwa kwa ulegevu, na halikuhakikishii kwamba utaupenda.

Mwaka kwenye chupa una umuhimu?

Kwa bei hii una umuhimu mkubwa. Mvinyo huu umetengenezwa unywewe ukiwa mchanga. Tafuta mwaka wa karibuni, usizidi miaka mitatu nyuma, na Sauvignon Blanc isizidi miwili. Kumbuka Chile iko kusini mwa ikweta: huvuna kuanzia Februari hadi Aprili, Ulaya Septemba. Kwa hiyo chupa ya Chile yenye mwaka ule ule na ya Ufaransa imeitangulia kwa nusu mwaka.

Haina kizibo cha gome, ina kifuniko cha kuzungusha. Ni dalili ya uduni?

Hapana. Kwa mvinyo mweupe wa kunywewa mapema nakipenda kuliko kizibo. Gome la mti hubeba wakati mwingine kasoro inayoupa mvinyo harufu ya katoni iliyolowa. Kifuniko hiki karibu huondoa hatari hiyo. Pia huhitaji kutafuta kizibuo nyumba ya jirani.

Nimekuta chembe kama vipande vya glasi chini ya chupa. Niimwage?

Usiimwage. Zabibu ina asidi ya tartariki, ile ile inayoupa ukwaju ukali wake. Mvinyo ukipata baridi sana, asidi hiyo hushikana na potasiamu na kuwa chembe zinazong'aa. Hazina madhara wala ladha. Mimina polepole, ziache chini.

Nitajuaje kwamba mvinyo umeharibika?

Adui wa mvinyo kwetu ni joto, kuliko kitu kingine chochote. Niliwahi kununua Sauvignon Blanc mbili siku moja, mwaka mmoja, katika maduka mawili tofauti. Moja ilikuwa imewekwa dirishani kama pambo, jua la mchana likiipiga kifuani. Nilipozimimina pamoja, ile ya duka la ndani ilikuwa na rangi ya maji ya ndimu. Ya dirishani ilikuwa imeiva rangi, karibu na chai ya rangi iliyozimuliwa, ikinuka tufaha lililochubuka na karanga za jana. Pasheni haikuwapo kabisa. Kosa halikuwa la aliyeutengeneza. Alifanya kazi yake vizuri, na bahari ikavukwa salama, kisha umefika mwisho wa safari ukapikwa dirishani. Iliniuma.

Tangu hapo naangalia duka kabla ya bei. Chupa zikae mbali na dirisha na mbali na jiko la chipsi la jirani. Chagua ya nyuma ya rafu. Iinue kwenye mwanga, na ukiona mvinyo mweupe umeelekea kahawia, irudishe ulipoitoa. Ikinuka siki, hata kuonja usijisumbue.

Inaendana na chakula gani cha kwetu?

Mchile mwenyewe hula vya baharini na mvinyo huu, kome na samaki wabichi waliolowekwa kwenye ndimu, kwa hiyo sisi wa pwani tuko nyumbani. Changu wa kukaanga na kachumbari, kamua ndimu, mimina Sauvignon Blanc. Uchachu hukata mafuta. Pweza wa nazi na Riesling ni mlo ninaourudia kila nikipata pweza mzuri. Kuku wa kupaka anataka Chardonnay au Viognier, kwa sababu nazi ni nzito na mvinyo mwepesi utazama. Biriani, pamoja na hiliki na zafarani yake, ikutane na Gewürztraminer. Pilipili kali iwe kidogo: kileo huichochea moto.

Nyama choma sijafanikiwa nayo. Nimejaribu zote tano, na kila mara mbuzi ameshinda.

Ikishafunguliwa inakaa siku ngapi?

Funga, rudisha friji, siku mbili au tatu. Riesling huvumilia zaidi. Baada ya hapo itie kwenye mchuzi wa samaki.

Inanipa kichwa. Ni sulfiti?

Sulfiti hutiwa karibu kwenye kila mvinyo kuulinda na hewa. Mwenye pumu anaweza kudhurika nazo, na aulize daktari wake kabla. Kwa wengi wetu, kunywa glasi ya maji baada ya kila glasi ya mvinyo, na kula kwanza, hubadilisha asubuhi.

Nimezizoea hizi tano. Niende wapi sasa?

Juu ya Bicicleta, Cono Sur wana Reserva Especial, kisha Single Vineyard, wa shamba moja, kisha 20 Barrels. Usipande ngazi zote kwa mkupuo. Chukua zabibu moja unayoipenda, nunua Bicicleta na Reserva Especial ya zabibu hiyo hiyo, vika kila chupa soksi ndefu iliyofuliwa, mpe mtoto wa nyumba azibadilishe mahali ukiwa umegeuka, kisha onja bila kujua ipi ni ipi. Andika ipi umeipenda kabla ya kuvua soksi. Shangazi yangu amefanya hivyo mara tatu kwa Riesling. Mara mbili alichagua ile yenye baiskeli, ya tatu akabadilika, akasema hii nyingine inakaa mdomoni mpaka ukahesabu saba.